Kuhesabu Maneno Wakati wa Kuachana

Ndugu msomaji, katika nyumba ya askari kila kitu huhesabiwa. Mshahara huhesabiwa, siku za likizo huhesabiwa, kilo za unga na vipande vya sabuni huhesabiwa, na karo ya watoto huhesabiwa tena na tena kila muhula unapokaribia. Kitu kimoja hakihesabiwi, nacho ndicho kiishikiliacho nyumba isianguke: maneno baina ya mume na mke. Nyumba ikisha kuanguka utawasikia majirani wakiulizana, "Imekuwaje? Mbona juzi walikuwa wakila pamoja?" Kumbe maneno yalikuwa yamebadilika tangu siku nyingi, ila hapakuwa na mtu wa kuyatazama. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayamfai mtu asiyeinua kichwa.

Mimi nilifanya kazi ya ukarani wa takwimu katika ofisi ya polisi kwa muda wa miaka 23, na mume wangu alikuwa mwanajeshi. Kazi yangu ilikuwa kupokea taarifa za kila mwezi, kuzijumlisha, kuzipanga katika majedwali, na kuwachorea wakubwa michoro ya kubandikwa ukutani. Kwa ajili hiyo mambo mawili nayafahamu vizuri: namna namba zinavyosema kweli, na namna zinavyoweza kumpotosha mtu mzima akiwa macho. Wataalamu wa Uingereza na Marekani wamefanya hesabu nyingi juu ya mawasiliano ya watu wanaoachana, na katika hesabu hizo naona yamo ya kutufaa sisi wa kambini, ambao mara kwa mara mmoja huwa Kampala na mwenzake yuko Moroto au Mogadishu. Walakini yafaa zisomwe kwa hadhari.

Nianze na ile iliyopata sifa kubwa. Mwaka 2010 Mwingereza mmoja, David McCandless, ambaye kazi yake ni kugeuza takwimu kuwa michoro, alitoa hotuba mjini Oxford akaonyesha mstari mmoja unaopanda na kushuka kama milima ya Kigezi. Yeye na mwenzake Lee Byron walikuwa wamepekua matangazo 10,000 ambayo watu waliyaandika juu ya hali zao katika mtandao wa Facebook, wakitafuta maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuachana, kisha wakayapanga kwa tarehe. Mstari wao ulipanda mara mbili kwa mwaka: karibu na Pasaka, na tena wiki mbili kabla ya Krismasi. Siku ya Jumatatu ilizipita siku nyingine za wiki. Siku ya chini kabisa katika mwaka mzima ilikuwa Krismasi yenyewe. Wasikilizaji walicheka, na mchoro ule ukazunguka dunia nzima.

Mchoro ni mzuri, na hata mimi ningependa kuubandika ukutani. Lakini karani mwema huuliza swali moja kabla ya kusifu: hapa kimehesabiwa nini? Hawakuhesabiwa watu walioachana. Yamehesabiwa maandishi yenye neno la kuachana. Mtu anayeachwa siku ya Krismasi yaelekea ana wageni sebuleni na chungu jikoni. Ataandika atakapopata nafasi. Naye aliyeandika Jumatatu huenda aliachwa Ijumaa. Kadhalika, mwezi ule ule wa Julai 2010 Facebook ilitangaza kwamba imefikisha watumiaji milioni 500, na matangazo 10,000 katika bahari kama hiyo ni kikombe kimoja. Kikombe chaweza kuonyesha kama maji ni ya chumvi, lakini hakionyeshi kina cha bahari. Basi mchoro ule watuonyesha ni lini watu hutangaza maumivu yao. Haumwambii mke wa askari kwamba ajihadhari na mumewe ifikapo mwezi wa Desemba.

Swali hilo la kimehesabiwa nini niliwahi kulitumia nje ya ofisi, katika jambo lililohusu nyumba ya watu. Mwaka 2019 jirani yangu mmoja, mwanamke kijana mwenye watoto wawili, alinijia na daftari. Mumewe alikuwa Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambako majeshi ya Uganda yalitangulia kufika mwezi wa Machi 2007. Aliniita shangazi, kwa kuwa kwetu shangazi ndiye anayeambiwa mambo ya ndoa.

"Shangazi," alisema, "mtu huyu amekwisha niacha, ila hajanitamkia. Nataka nirudi kwetu kabla sijafukuzwa kwa aibu."

Alikuwa ameandika idadi ya ujumbe wa simu alioletewa na mumewe kila mwezi. Januari 62, Februari 56, Machi 30, Aprili 12. Nilichukua karatasi ya miraba nikachora nguzo nne. Zilishuka kama ngazi ya kuingia shimoni, na mtu yeyote angeziona angesema kwamba shauri limekwisha. Nikamwuliza, "Mwanangu, katika miezi hiyo simu yake ilikuwa hewani siku ngapi?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Tulipofungua ujumbe wa zamani tulikuta mumewe alimwarifu mwezi wa Machi kwamba amehamishwa kwenda kituo cha mbele kisicho na mtandao, na kwamba atakuwa akiandika siku zile tu ambazo watarudi kambi kuu. Tukahesabu siku kwa siku. Januari aliandika katika siku zote 31, na Februari katika siku zote 28. Machi aliweza kuandika siku 12, na Aprili siku 4 peke yake. Tukagawanya. Januari na Februari alikuwa akileta ujumbe 2 kwa siku; Machi akaleta 2 na nusu kwa kila siku aliyopata mtandao; Aprili akaleta 3. Nilichora nguzo upya, na nguzo zile zilizokuwa zikishuka sasa zikapanda. Binti alizitazama kwa kitambo kirefu bila kusema neno.

Lau tungeishia hapo ningekuwa nimempa furaha isiyokamilika, maana wingi ni upande mmoja tu wa hesabu. Nilimwomba asome kila ujumbe wa Januari na wa Aprili, nami nikawa naweka punje za maharage katika visahani vitatu: cha kwanza ni fedha na mahitaji, cha pili ni watoto na afya, cha tatu ni maneno yao wawili, yaani salamu za mapenzi, mzaha, habari za rafiki, ama swali la kumjulia mwenzako hali bila haja nyingine. Katika ujumbe 62 wa Januari, 25 ulikuwa wa kisahani cha tatu. Katika 12 wa Aprili, ulikuwa mmoja. Kisha tukahesabu ule aliouandika yeye mwenyewe mwezi wa Aprili. Ulikuwa 20, na katika hiyo 16 ilikuwa ya fedha au ya lawama.

Je, nani aliyetangulia kunyamaza? Namba hazikuweza kutuambia. Mume aliyepata siku nne kwa mwezi huenda aliona kwanza amalize ya karo na dawa. Mke aliyesoma mambo ya karo na dawa peke yake akaona hapendwi, akajibu kwa ukali. Na aliyejibiwa kwa ukali akazidi kufupisha. Takwimu ilituonyesha pahali pa kuuliza, na hiyo ndiyo kazi yake. Jumapili iliyofuata binti alimwandikia mumewe swali ambalo halikuwa la fedha. Alimwuliza, "Usiku huwa unalalaje huko?" Sikuonyeshwa jibu, wala sikuliomba. Nilichokiona ni kwamba mizigo aliyokwisha kuifunga aliifungua. Mumewe alirudi mwaka uliofuata, wakahamia kambi nyingine, na watoto wale hata leo hunipigia simu sikukuu zinapofika.

Visahani vile sikuvibuni mimi. John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington na mwenzake Robert Levenson waliwachunguza wanandoa jozi 73 mwaka 1983, wakawarudia mwaka 1987, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo. Waliwaketisha mume na mke wazungumze juu ya jambo wanalogombania, wakahesabu ishara njema na ishara mbaya katika mazungumzo yao: tabasamu, kukubali hoja, utani mwema, na kwa upande wa pili dharau, hasira, kugeuza uso. Katika ndoa zilizokuwa imara waliona ishara njema zipatazo 5 kwa kila mbaya 1, hata wakati wa ugomvi. Katika zile zilizoelekea kuvunjika, mbaya zilizidi njema. Angalia vizuri, ndugu msomaji: wale wa ndoa imara nao waligombana. Hesabu haikusema kwamba nyumba njema ni nyumba isiyo na ugomvi.

Baadaye zikaenea habari kwamba kwa njia hiyo yawezekana kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Wataalamu wengine walipinga, nami nawaunga mkono. Kanuni hizo zilitungwa kutokana na wanandoa ambao mwisho wao ulikwisha kujulikana, na kanuni ya namna hiyo hapana budi ijaribiwe kwa watu wapya kabla ya kuitwa utabiri. Askari anayepiga risasi ukutani kwanza, kisha akachora shabaha kulizunguka tundu, hawezi kupewa nishani ya ulengaji.

Hesabu iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 2021, kutoka Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Sarah Seraj, Kate Blackburn na James Pennebaker walichukua maandishi ya watu 6,803 waliosimulia katika mtandao wa Reddit kwamba wameachana na wapenzi wao. Walikusanya maandishi zaidi ya milioni 1 waliyoyaandika watu hao kabla na baada ya kuachana, hata yale yaliyohusu mambo mengine kabisa. Hawakuhesabu maneno makubwa kama mapenzi na talaka. Walihesabu vijineno ambavyo msemaji havitambui vinapomtoka: "mimi", "sisi", na maneno ya kutafuta sababu. Waliona lugha ikianza kubadilika kiasi cha miezi mitatu kabla ya kuachana. Ilifika kilele katika wiki yenyewe ya kuachana, na ikarejea hali yake ya kawaida kiasi cha miezi sita baadaye. "Mimi" iliongezeka, kama ilivyo kwa mtu mwenye huzuni. Lakini "sisi" nayo iliongezeka. Mtu anayeelekea kuachana hutamka "sisi" zaidi, mithili ya mtu anayepapasa mfuko kila mara kwa kuhofia kwamba pesa zimedondoka.

Hapa sisi wenye Kiswahili tuna jambo letu la kuangalia. Anayesoma barua za Kiingereza aweza kuhesabu neno "mimi" likiwa limesimama peke yake. Katika lugha yetu nafsi hujificha ndani ya kitenzi: nimechoka, tumechoka, sijui, hatujui. Anayetaka kuzipima barua zetu itampasa ahesabu viambishi hivyo. Tena awe mwangalifu, maana mashine isiyojua Kiswahili ikiambiwa ihesabu "tu" itakuta mke ameandika "naomba pesa tu", nayo itaandika kwamba hapo pana umoja mkubwa! Huo ni mzaha, lakini ndani yake mna funzo: kila hesabu ya maneno yahitaji mtu anayeijua lugha na anayewajua wenye maneno.

Sasa tuje kwa wale ambao kuachana kwao kumekwisha kutokea, kwa kuwa si kila nyumba huokolewa, na ziko ambazo ni afadhali zisiokolewe, hasa zile zenye kipigo. Mwezi wa Februari 2014 Adrien Friggeri, mtakwimu wa kampuni ya Facebook, alieleza kwamba siku mtu anapoachana, mawasiliano yake na watu wengine, yaani ujumbe na maoni, huongezeka kwa wastani wa asilimia 225. Asilimia hiyo huwatatiza wengi, kwa hiyo niifafanue. Kuongezeka kwa asilimia 225 ni kuzidi mara mbili na robo juu ya kile kilichokuwapo. Aliyezoea ujumbe 4 kwa siku, siku hiyo atakuwa na 13. Basi ndugu na jamaa huja, ndivyo tulivyo binadamu, na huko Marekani ni vivyo hivyo.

Ziweke hesabu hizi mbili kando kwa kando, nawe utaliona pengo. Watu hufurika siku ya kwanza, lakini maandishi ya wale waliochunguzwa huko Texas yalichukua miezi sita kutulia. Nimeshuhudia jambo hilo kambini. Siku askari alipopata habari kwamba mkewe ameondoka, baraza lake lilijaa wenzake hadi usiku wa manane. Baada ya wiki tatu alikuwa akila peke yake, na watu wakimwambia, "Bado tu unalifikiria jambo lile?" Kwa raia wa kawaida pengo hilo ni upweke. Kwa mtu anayekabidhiwa bunduki kila jioni ni jambo la kuwashughulisha wakuu wake. Naona yafaa mkuu wa kituo au wa kikosi ajulishwe mapema, na si aibu wala adhabu askari huyo akiondolewa kwa muda katika lindo la usiku la mtu mmoja, akapangiwa zamu pamoja na mwenzake. Rafiki wa kweli aandike tarehe katika kalenda yake, amtembelee mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, wakati ambapo wengine wamekwisha sahau.

Wala mtu asiichukue miezi sita kuwa amri. Wastani ni sawa na kiatu cha saizi moja kilichotolewa stoo kwa kikosi kizima: kitawatosha baadhi, wengine kitawabana, wengine kitawapwaya. Uchunguzi ule ule uliona pia kwamba walioendelea kwa muda mrefu kuandika juu ya kuachana kwao hawakuwa na hali nzuri baada ya mwaka. Msomaji mwepesi atasema, "Basi kumbe kusimulia machungu kunadhuru." La, hasha. Mgonjwa aliyezidiwa hukaa hospitali siku nyingi zaidi, na hatusemi kwamba kitanda cha hospitali ndicho kilichomzidishia ugonjwa. Mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa jingine.

Kwa wale watakaopenda kujaribu hesabu hii nyumbani, nawapa masharti matatu niliyoyatoa katika kazi yangu. La kwanza, hesabuni wote wawili, kwa hiari, na kila mmoja aanze na maneno yake mwenyewe. Anayepekua simu ya mwenzake kwa siri hafanyi takwimu, anafanya upelelezi, na upelelezi ndani ya ndoa huzaa kesi. La pili, gawanyeni kwa siku zilizowezekana: siku za mtandao, siku za doria na siku za ugonjwa zikumbukwe. La tatu, msiamue kwa mwezi mmoja. Mwezi mmoja waweza kuharibiwa na malaria au na karo. Tazameni miezi mitatu au minne ndipo mseme kwamba mstari unapanda au unashuka.

Na mkisha kuuona mstari, uwekeni mezani baina yenu kama mnavyoiweka bili ya umeme: ni karatasi inayosema palipofikiwa, na inayotaka wenye nyumba waketi wazungumze. Miezi ile mitatu ambayo vijineno hubadilika kabla neno kubwa halijatamkwa ndiyo ambayo swali dogo bado laweza kuulizwa na kujibiwa kwa upole. Anayeuliza ndani ya muda huo aweza kuokoa nyumba. Na ikiwa haiokoleki, angalau wawili hao wataachana wakiwa bado wanajua kuzungumza, na watoto watapata karo bila wazee kupelekana mahakamani.

Nawatakia nyote, mlio lindoni na mlio majumbani, mazungumzo mema jioni ya leo.